Bibi Cherehani na Kengele ya Nyumba Aliyoiuza

Bibi Cherehani alikuwa ameuza nyumba yake na kuhamia kwa binti yake, muuguzi, kwenye fleti ya ghorofa ya pili. Jina la Cherehani alipewa na majirani. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake ya kushona. Wengine walisema ni kwa sababu ya mdomo wake, ambao nao ulikuwa hauishiwi uzi.

Asubuhi moja alikuwa dirishani akipinda gauni. Simu ikalia. Kwenye kioo cha simu ukaonekana mlango. Haukuwa mlango wa fleti. Ulikuwa mlango wa ile nyumba aliyoiuza. Muuza mboga amesimama mbele yake, kapu kichwani.

"Hodi!"

Sasa, mtu akikupigia hodi, unanyamaza? Bibi Cherehani hakulelewa hivyo. Akabonyeza simu, akajibu.

"Karibu! Nyanya zikoje leo?"

"Nzuri, mama."

"Nzuri wapi! Naziona kutoka hapa. Laini kama mashavu yangu. Rudi kesho."

Muuza mboga akaenda zake.

Kengele ile ilikuwa na kamera na spika. Aliifunga marehemu mume wake, mshona viatu, pamoja na taa ya baraza na kitasa cha mlango. Vyote viliendeshwa kwa simu. Mzee yule alipenda mitambo mipya kuliko shati jipya.

Siku ya kuhama, mama na binti walifungasha kila kitu: masufuria, mapazia, mpaka vibanio vya nguo. Funguo zote wakamkabidhi mnunuzi. Vile vifaa wakaviacha ukutani. Hata boksi la intaneti waliliacha, na neno lake la siri lile lile. Programu ya kuviendesha ikabaki kwenye simu ya Bibi. Hakuna aliyeikumbuka, isipokuwa Bibi, na yeye hakuulizwa.

Basi jua likizama, Bibi aliwasha taa ya baraza akiwa huko huko kwa binti yake. "Nyumba isikae gizani kama haina wenyewe," alijiambia.

Lakini ilikuwa na wenyewe. Walionunua ni kinyozi na mke wake, mwalimu, aliyekuwa likizo ya uzazi na mtoto mchanga. Mchana alibaki peke yake. Alisikia mtu akiongea mlangoni. Akifungua, hakuna mtu. Taa nayo iliwaka bila kuguswa.

"Ni uchovu wa kunyonyesha, mke wangu," kinyozi alimwambia.

"Uchovu unachagua nyanya?"

Siku moja simu ya Bibi ikalia tena. Kamera ilimwonyesha mwalimu akitoka nje, mtoto mgongoni, begi mkononi. Kinyozi alimfuata nyuma, taulo la kazi begani.

"Unakwenda wapi? Nyumba tumeshainunua!"

"Kaa nayo wewe. Mimi na mwanangu tunakwenda kwa mama. Siwezi kulea mtoto kwa hofu. Sirudi mpaka huyo mtu atoke."

Bibi Cherehani akashangaa. Mtu gani? Kisha sindano ikamdondoka. Huyo mtu ni yeye.

Akabonyeza haraka. "Mwanangu, usiogope! Ni mimi tu!"

Kwa kweli, ukuta ukikwambia "ni mimi tu", moyo haupoi. Mwalimu alipiga kelele. Mtoto akaitikia. Na kinyozi, yule aliyesema ni uchovu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika getini.

Muuguzi aliporudi kutoka kazini, alimkuta mama yake ameinama juu ya simu.

"Mama, unaumwa?"

"Nimemfukuza mtoto mchanga nyumbani kwake."

Akaeleza yote. Muuguzi hakujua acheke au alie.

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Ungeifuta."

"Ndiyo, ningeifuta!"

"Basi ndiyo maana."

Bibi akafungua video ya zamani iliyorekodiwa na ile kengele. Mzee anarudi kutoka kazini, mkate kwapani. Anasogeza uso kwenye kamera mpaka pua inajaa kioo kizima. "Mke wangu, fungua. Mkate unanung'unika." Kila jioni alikuwa na upuuzi mpya.

Muuguzi akaketi. Wakaitazama tena, wamegusana mabega.

Kesho yake wakamwita fundi wa umeme, mama anayeishi ghorofa ya chini. Fundi akasikiliza, akauma midomo asicheke.

"Bibi, na kitasa je?"

"Nacho kinafunguka. Lakini sijakigusa! Mimi si mwizi."

"Wewe si mwizi. Simu yako ikiibwa? Mwizi ataingia kwa watu bila kuvunja kitu."

Hilo Bibi hakuwa amelifikiria. "Basi nifute programu."

"Haitoshi. Ukifuta programu, umefumba macho tu. Mlango bado unakujua. Lazima utoe kila kifaa kwenye akaunti yako. Kisha kifaa kirudishwe kama kilivyotoka dukani. Halafu wenye nyumba wakiunganishe na simu yao, kwa neno la siri lao wenyewe. Haya yote hufanywa kabla ya kukabidhi funguo. Na anayenunua naye aulize: kifaa gani kinabaki, na nani anakiendesha?"

"Na mume wangu?" Bibi akauliza, sauti imepungua.

Fundi akatazama ile video. "Kwanza tunahifadhi video zake kwenye simu yako, na nakala kwa binti yako. Tukishahakikisha zinafunguka, ndipo tunafuta zilizobaki. Hatumwachi nyuma."

Wakampigia kinyozi, wakakutana nyumbani kwake. Mwalimu alikuja, lakini akasimama getini na mtoto wake.

"Mwanangu," Bibi akasema, "huyo mtu ni mimi. Nina miguu, tazama."

"Ni wewe uliyefukuza nyanya zangu?"

"Zilikuwa mbovu."

Mwalimu hakucheka. "Nilikuwa nanyonyesha barazani, mama. Nilidhani niko peke yangu."

Utani ukamwisha Bibi mdomoni. "Nisamehe, mwanangu. Niliiona kama nyumba yangu. Sikukuona wewe."

 Mwalimu akasukuma geti, akaingia na mtoto wake.

Video za mzee zilikuwa zimeshahifadhiwa. Sasa zikafutwa zote zilizobaki, pamoja na za mwalimu na mtoto. Bibi mwenyewe akabonyeza "Ondoa": kengele, taa, kitasa. Fundi akashikilia kitufe cha kengele mpaka taa yake ikawaka na kuzimika, ikasahau kila kitu. Akafanya hivyo kwa kila kifaa. Neno la siri la boksi la intaneti nalo likabadilishwa. Mwalimu alipoandika maneno mapya ya siri, Bibi aliambiwa ageuke. Akageuka. Fundi akamgeuza zaidi.

Usiku huo mwalimu alilala kwake. Na jua lilipozama, kidole cha Bibi kiliitafuta taa kwenye simu, kikaikosa. Akafungua video ya mkate, akaicheka kidogo, akarudi kwenye cherehani. Kulikuwa na kigauni kidogo cha kumalizia.

Kigauni kilipokamilika, alimpelekea mtoto wa mwalimu mwenyewe, kwa miguu. Akapanda baraza. Akabonyeza kengele, akasogeza uso kwenye kamera mpaka pua ikajaa.

"Hodi!"

Sauti ya mwalimu ikatoka ukutani, imejaa kicheko.

"Nani?"

"Ni yule mtu."

"Leo tuna nyanya nzuri, mama. Karibu ndani uzikague."

Kitasa kikalia, mlango ukafunguka.