Poni Ananyamaza Mbele ya Wazee

Kila asubuhi, kabla jua halijaunguza mabati ya Gudele, mtaa wa Juba, Poni alimwogesha mwanawe Ezbon kwenye beseni. Huku akimsugua, alikariri masomo yake ya kompyuta, hasa majina ya vifaa vya mtandao.

"Ezbon, sema ruta!"

"Luta!"

"Kwes, vizuri! Fundi wangu huyo."

Baba Ezbon alikuwa amekufa kwa malaria. Tangu hapo chakula kilikuwa cha kubahatisha. Mama mkwe wake, aliyeishi Nesitu, nje ya mji, alikuwa amekwishakata shauri.

"Ukipata kazi, khalas, basi, mtoto abaki na wewe," alisema. "Ukikosa, Pasaka ikipita namchukua. Mjukuu wangu hawezi kulala njaa."

Poni hakukata tamaa. Alikuwa na cheti cha ufundi wa kompyuta, cha ngazi ya kwanza, alichokipata kwenye madarasa ya jioni. Shirika moja mjini likamwita kwenye usaili.

Wasaili walikuwa watu wazima. Mkubwa wao, mzee wa mvi, aliweka kompyuta mezani.

"Hii haipati mtandao. Tutengenezee."

Poni alijua pa kuanzia. Lakini kwa desturi ya kwao mwanamke kijana hafungui mdomo mbele ya wazee kabla hajapata jibu kamili. Akainamisha macho. Akagusa waya, akauacha.

"Unafanya nini, binti?"

"Nafikiri, mzee."

"Unafikiri nini?"

Poni akaurudia ule waya. Mzee akasubiri, kisha akafunga kompyuta.

"Malesh, pole binti. Cheti chako tumekiona. Wewe hatujakuona."

Pasaka ikapita. Mama mkwe akaja. Ezbon alilia mpaka sauti ikamkauka, na gari likaondoka naye. Poni akajifungia ndani mchana kutwa.

Jirani yake Moraa, Mkenya aliyekuwa fundi wa kompyuta katika hoteli moja, akagonga.

"Mama Ezbon, fungua! Ama nivunje mlango na hii miguu yangu ya kuku?"

Poni akafungua, akamweleza yote.

"Pole, dada," Moraa alisema. "Cheti kinakufikisha mlangoni tu. Kinasema umesoma. Mwajiri anataka kujua siku mtandao umekufa na mhasibu anafoka, wewe utafanya nini. Anataka kusikia hatua zako. Ukinyamaza, atajuaje kama unafikiri ama umesinzia?"

"Lakini kuongea-ongea mbele ya wazee si kukosa adabu?"

"Sema kwa upole, lakini sema. Na kama kitu hukijui, sema hukijui, halafu useme utauliza wapi. Wewe umetengeneza kompyuta gani kwa mikono yako?"

Poni akatazama chini. "Darasani tulikuwa wengi, kompyuta moja. Mwalimu ndiye alikuwa anagusa."

"Basi hiyo ndiyo shida ya pili."

Poni akamwomba mchungaji amruhusu kutunza kompyuta za kanisa. Zilijaa vumbi, na jenereta ilizimika ilivyotaka. Siku moja alifuta nyimbo zote za kwaya bila kukusudia. Fortunato, kiongozi wa kwaya, alimfokea mbele ya watu. Hivyo ndivyo Poni alivyojifunza, kwa machozi, kuweka nakala kabla ya kugusa chochote.

Jioni Moraa alikuja kanisani kumzoeza, akachomoa waya kwa makusudi, akajifanya mkubwa mkali.

"Wewe fundi gani? Nataka barua yangu sasa!"

"Pole, bosi. Kwanza naangalia kama waya umeshika. Umeshika. Sasa naangalia taa za ruta..."

"Sauti! Ama unaongea na panya?"

Shirika lingine likamwita. Safari hii ilikuwa printa iliyogoma. Mdomo wa Poni haukusimama. Kila alichogusa alikitaja. Wakamuuliza jambo gumu.

"Hilo silijui," alijibu. "Ningesoma maelekezo ya mashine, kisha ningemuuliza fundi aliyenizidi."

Wakatazamana, wakatikisa vichwa kukubali. Alipewa kazi ya majaribio. Miezi ya majaribio ilipokwisha, wakamwajiri.

Poni akaenda Nesitu. Ezbon alikuwa amerefuka. Alipomwona, alijificha nyuma ya bibi yake.

"Nguo zake nimeshafunga," mama mkwe alisema. "Umepata kazi, neno langu ni lile lile. Lakini usimvute. Mpe muda."

Poni akaketi chini, kwenye udongo. Mtoto akachungulia, akajificha, akachungulia tena.

Njiani kurudi Juba mtoto alilala mapajani mwa Poni. Alikuwa bado hajamwita mama.