Dari ya Gari la Mzee Massoud

Kitu cha kwanza kilichomshangaza fundi Mselem ni uzito. Dari ya gari dogo, ile bodi iliyovikwa kitambaa juu ya vichwa vya abiria, mtu huitoa kwa mikono miwili huku akipiga mluzi. Mselem alikuwa amezitoa Mombasa, Dubai na Maskati, kote huko akirudi na hadithi nyingi kuliko mizigo, na hakuna hata moja iliyomtoa jasho. Hii ya gari la marehemu Mzee Massoud ilimpigisha magoti. Aliiburuta kupitia mlango wa nyuma kama mtu anayetoa godoro lililolowa, akailaza juu ya meza yake ya kazi pale barabara ya kumi na saba, Ngamiani, akajiambia kwamba ni uzee, na kitambi, na mapishi ya mkewe Tausi, kwa mpangilio huohuo.

Gari lililetwa na Asmahani, binti wa marehemu. Kitambaa kilikuwa kimeachana na bodi na kuning'inia kama shuka kwenye kamba, kinamvuruga ushungi kila akiendesha. Baba yake, katika uhai wake, hakutaka kiguswe. Fundi yeyote aliyejitolea kukibandika alitimuliwa kwa maneno makali. Lakini mzee alizikwa mwaka jana, na Asmahani alikuwa na mama mgonjwa wa kifua, Bi Thuwaiba, wa kumpeleka hospitali kila Jumatatu na Alhamisi. Gari lenyewe ndilo hilo, hawana jingine. Alimwomba Mselem alimalize siku hiyohiyo, Jumatano, kesho ampakie mama.

Mselem akabandua kitambaa. Kazi hii ina siri moja tu: sponji kuukuu la nyuma ya kitambaa, lile linalogeuka unga, sharti liondolewe lote, maana gundi haishiki juu ya uchafu. Alipopangusa kiasi cha kiganja, akaona maandishi. Akapangusa bodi nzima: herufi za Kiarabu, za zafarani, safu kwa safu, toka kioo cha mbele mpaka cha nyuma, zimeandikwa kwa mkono usiotetemeka. Akaiweka brashi chini taratibu.

Fundi mwingine angepaka gundi juu yake akaendelea na maisha. Mselem, pamoja na utani wake wote, alilelewa chuoni, kwenye Kurani, na maneno ya Mungu hayapakwi gundi inayonuka petroli. Akaenda kutia udhu. Akachukua kitambaa safi na maji ya mtungi, akayafuta maneno moja moja, akiyakamulia kwenye beseni jipya, kama alivyomwona babu yake akiosha mbao za chuoni. Maji yakageuka manjano. Mengi aliyamwaga kwenye shina la mlimau, mahali pasipokanyagwa. Kikombe kimoja akakinywa mwenyewe, kwa bismillahi, kwa ajili ya mgongo. Kombe la bure, dawa ya maandishi yaliyooshwa, alisema moyoni, nani atalikataa?

Aliporudi kuiinua ile bodi, ilikuwa nyepesi kama ungo.

Kufika jioni, kitambaa kipya cha rangi ya maziwa kilikuwa juu, kimekaza kama ngoma. Asmahani aliondoka akimwombea dua.

Alhamisi saa sita mchana alirudi peke yake, na safari hii alishuka garini kama anayekimbia kitu. Kitambaa kilikuwa kimeshuka juu ya kiti cha nyuma, pale anapokaa mama. Mselem akaingia, akapapasa. Pembeni gundi ilikuwa imeng'ang'ania vizuri. Katikati ndipo palipovimba, na uvimbe ulikuwa na umbo: bega, halafu kiwiko, halafu goti lililokunjwa, kama mtu aliyelala kifudifudi juu ya chandarua akiwatazama walio chini.

"Ni joto, dada," alisema. "Gundi za siku hizi si gundi."

Asmahani hakubishana. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mama alizimia njiani, kwamba daktari alimpima asione kitu kipya, kwamba sasa yuko nyumbani kitandani na midomo imemgeuka rangi. Alimwita Maalim Amour aje amsomee.

"Mama anasema kuna mtu amemlalia, fundi. Anasema mtoeni. Nami nimekaa naye, sioni mtu."

Akaenda zake kwa bodaboda, akamwachia gari alitazame.

Mselem alifunga milango na vioo vyote ili ajithibitishie kwamba kosa ni la gundi, akaketi kiti cha nyuma, jua la Tanga likipiga bati, mahali ambapo mtu mwenye akili angeiva kama andazi. Na badala ya joto akaisikia baridi ikimshukia utosini, polepole, pamoja na harufu ya iliki na majani yaliyooza, harufu ya msituni Amani baada ya mvua, na juu yake kitambaa kikaanza kulia, kwaru, kwaru, si kama panya, ila kama mtu anayejigeuza kitandani akitafuta ubavu wa kulalia, na uvimbe ukatembea, ukaenda mpaka juu ya usukani, ukarudi, ukasimama juu yake hasa, ukashuka, ukashuka tena, mpaka kitambaa alichokikaza kwa mikono yake mwenyewe kikamgusa paji la uso, na nyuma ya kitambaa kile midomo ikaanza kutikisika, ikisoma kwa kukwamakwama, kama mwanafunzi anayeanza, zile herufi alizozifuta.

Hakumbuki alivyofungua mlango. Anakumbuka tu kwamba aliliendesha gari mpaka kwa Bi Thuwaiba kichwa kikiwa nje ya dirisha kama mbuzi wa Idi, na watu walicheka.

Maalim Amour, Mpemba mwembamba mwenye kufundisha Kurani asubuhi na kutengeneza baiskeli jioni, alikuwa ameketi karibu na kitanda. Bi Thuwaiba alikuwa akivuta pumzi moja, halafu anangoja, kama anayeomba ruhusa ya kuvuta nyingine. Mselem akampa shikamoo, kisha akasema yote mbele yao: maandishi, udhu, maji.

Bi Thuwaiba akafumbua macho.

"Ulitenda kwa adabu, mwanangu," alisema. "Hukujua. Jini lilimfuata mume wangu toka Amani, mwaka aliokwenda kununua iliki. Lilikuwa likilala juu ya watoto. Akalipandisha garini, akalifunga juu ya kichwa chake mwenyewe, lisipate njia ya kuingia nyumbani."

Asmahani akauliza kwa nini Maalim asiandike upya. Maalim akatikisa kichwa. Marehemu alilijua jina lake, yeye halijui.

"Hukaa yalipo maneno yaliyolifunga," alisema. "Maji uliyapeleka wapi?"

"Mlimauni."

"Yote?"

Mselem akatazama mkeka. "Kikombe kimoja nilikunywa."

Maalim alivuta kiti chake nyuma kidogo, na jambo hilo dogo lilimtisha Mselem kuliko ile midomo.

Kisha akamweleza, bila kumficha. Ya mlimauni udongo umeshayala. Yaliyobaki duniani ni yale yaliyomo tumboni mwake. Jini limefunguliwa lakini halijajua pa kwenda, ndiyo maana linamlalia aliye dhaifu. Likiitwa na mwenye maneno, litakwenda kwake, na halitaondoka. Lisipoitwa, bibi huyu hatauona usiku. Hakuna mwenye haki ya kumlazimisha fundi.

Asmahani aliinamisha uso. Hakumwomba.

Mselem alitafuta utani, maana haujawahi kumkosa, hata siku aliyopoteza pasipoti Maskati. Hakuupata. Akatoka, akafungua milango yote minne ya gari, akainama chini ya kitambaa.

"Aliyefuta ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Maneno ninayo mimi. Mwache bibi wa watu."

Kitambaa kikapanda juu, pwa, kikakaza. Ndani ya nyumba Bi Thuwaiba alikohoa, akavuta pumzi ndefu hadi mwisho, akaomba uji.

Asmahani alitoka akilia, akitaka ampeleke kwake kwa gari. Mselem alimwambia atatembea.

Ilikuwa yapata saa nane. Watu wote wa Ngamiani walikuwa wamejibana upenuni, na waendesha baiskeli walijifunika vitambaa vichwani. Mselem alipita katikati ya barabara, na hakusikia jua hata kidogo.

Tausi alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani. Nyuma yake, ndani, binti yao Najat alikuwa akicheka na simu.

"Baba Najat, ingia basi, wali unapoa. Mbona umesimama juani?"

Mselem akatazama miguu yake. Jua lilianzia hatua mbili mbele yake. Akageuka, na nyuma pia lilianzia hatua mbili. Angani hakukuwa na wingu.

"Niletee hapahapa nje, mke wangu," alisema. "Humo ndani joto."

Tausi akacheka, akasema mwanamume huyu hana dogo, akaenda, akarudi na sahani. Mselem akanyoosha mkono wake wote, mpaka bega likamuuma, akaipokea kabla mkewe hajakanyaga kile kivuli.