Kilio Ambacho Hakikuandikwa

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Otonglo, nje ya Kisumu, Nasambu alikuwa ameshachota maji, ameshafagia ua, na ameshakuwa watu wawili tofauti. Mtungi ukiwa kichwani, alikuwa malkia anayerudi kutoka vitani. Ufagio ukiwa mkononi, alikuwa bibi kizee anayemsuta mkwewe. Mama yake, Naswa, aliyeuza mboga sokoni kando ya barabara ya Busia, alimsikiliza huku akifunga mafungu ya sukuma wiki.

"Ukimaliza kuwa hao wote, mwanangu, uwe mwanafunzi," alimwambia. "Utachelewa."

Siku hizi, hata hivyo, malkia na bibi kizee walikuwa wamenyamaza. Nasambu alikuwa na siri.

Siri hiyo ilianzia kwenye tamasha ya maigizo mjini Kisumu. Nasambu, aliyekuwa Gredi ya Saba, aliigiza vizuri hata ukumbi mzima ukamshangilia. Alipokuwa akitoka, kijana mmoja aitwaye Zadock alimsimamisha. Yeye na wenzake walitengeneza filamu fupi za mtandaoni, na walimtaka msichana wa kuigiza Adhis, binti wa mvuvi anayezama ziwani.

"Una kipaji," Zadock alisema. "Lakini sisi hupiga picha siku za shule, ufuo ukiwa mtupu. Nyumbani usiseme kwanza. Wazazi huogopa wasichokijua. Filamu ikitoka, watafurahi wenyewe."

Maneno hayo ya mwisho yalimkwaruza Nasambu moyoni. Lakini neno "kipaji" lilikuwa tamu, likayafunika yale mengine.

Basi akaanza kudanganya. Asubuhi alimuaga mama akiwa amevaa sare. Kwa Mwalimu Ndirangu, mwalimu wa darasa, alimtuma rafiki yake Maryanne aseme kwamba tumbo linamuuma. Kisha alishika njia ya Kisian, kwenye ufuo wa ziwa, akabadilisha nguo nyuma ya matete, akawa Adhis. Alifanya hivyo mara moja, akarudia, kisha akazoea. Aliporudi darasani alikuta hesabu zimesonga mbele, akakaa kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Mama alipouliza kazi ya nyumbani iko wapi, alijibu kwamba mwalimu amebaki nayo. Uongo ulizaa mwingine. Simu ya mama ikilia tu, aliacha alichokuwa akifanya akasikiliza ni nani.

Ikafika siku ya kupiga picha ya kuzama.

Wingu jeusi lilikuwa limelala juu ya ziwa. Wavuvi walikuwa wameshavuta mashua zao nchi kavu, nao ndege hawakusikika. Kwa mbali, magugu maji yaliyokuwa yametulia kama kisiwa cha kijani yalianza kusogea polepole kuelekea ufuoni, yakisukumwa na upepo.

Shantel, msichana mkubwa aliyeigiza dada yake Adhis, aliyatazama magugu hayo. "Zadock, tungoje siku nyingine."

"Siku nyingine hatutapata mawingu kama haya," Zadock akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kamera.

"Mimi sijui kuogelea," Nasambu akasema kwa sauti ndogo.

"Maji ni ya kiunoni tu. Wewe piga mayowe. Ukiona nimeshusha kamera, toka."

Nasambu akaingia. Tope lilikuwa baridi, likamshika nyayo. Alipofika kiunoni aliinua mikono akalia maneno aliyofundishwa: "Baba, nisaidie. Baba, nazama."

Wimbi likampiga mgongoni. Nyuma ya wimbi yakaja magugu, na mizizi yake mirefu ikamzunguka miguuni kama nywele zilizosokotana. Akarudi nyuma hatua moja kujinasua, na hapo mguu haukufika chini. Maji yakamfika kidevuni, yakaingia mdomoni. Sasa alilia kweli.

"Baba, nazama."

"Vizuri sana," Zadock akaita kutoka ufuoni. "Endelea hivyohivyo."

Hofu ya aina nyingine ikamshika Nasambu. Kadiri alivyolia, ndivyo walivyozidi kumwacha. Kilio chake chote kilikuwa kimeandikwa tayari, na hakuna aliyekiamini. Alizama, akaibuka, akakusanya pumzi iliyobaki.

"Mimi si Adhis," alipaza sauti. "Shantel, mimi ni Nasambu. Mimi ni Nasambu."

Shantel aliyajua maneno yote ya mchezo ule, na hayo hayakuwamo. Alinyakua mti mrefu wa kusukumia mashua akakimbilia majini, huku akiwaita wavuvi waliokuwa wakishona nyavu. Nasambu aliushika mti huo kwa mikono miwili. Walipomtoa, alitapika maji na kutetemeka.

"Nilidhani anaigiza," Zadock alinong'ona. Shantel alimpita akaenda kuleta leso yake.

Wakati huo, Mwalimu Ndirangu alikuwa amepita sokoni kuuliza hali ya mwanafunzi wake mgonjwa. Naswa aliposikia habari za tumbo, aliangusha kisu cha mboga. Walimwendea Maryanne, naye akasema, huku akilia, kwamba Nasambu huwa anakwenda ufuoni Kisian kuigiza filamu. Walifika ufuoni wakamkuta amefunikwa leso ya Shantel.

Mama hakumgombeza. Alipiga magoti mchangani, akamshika miguu, kisha mikono, kisha uso, kana kwamba anahakikisha mtoto yupo mzima. Mikono hiyo ilimuuma Nasambu kuliko fimbo. Akasimulia kila kitu, hata yale ambayo hakuulizwa.

Wavuvi walimfikisha Zadock kwa chifu, akakatazwa kupiga picha na mtoto yeyote bila mzazi wake kuwapo.

Jioni, Nasambu alisema, "Mama, sitaigiza tena."

Naswa alimtazama Mwalimu Ndirangu, aliyekuwa amewasindikiza hadi nyumbani.

"Hilo hatujakuomba," mwalimu alisema. "Chama cha maigizo cha shule kitakungoja kila Jumamosi, na mama yako atakaribishwa kukaa na kutazama. Lakini kwanza utayafidia masomo yaliyokupita. Maryanne atakusaidia, nami nitakusaidia."

"Sikiliza, Nasambu," mama akasema. "Ndoto yako haina kosa. Kosa ni kuifuata kwa uongo. Leo ulikuwa majini, na mimi nilikuwa sokoni nikiamini uko darasani. Ungezama, ningekutafuta wapi? Mtu anayekupenda kwa kipaji chako hatakuambia uwafiche wazazi, wala hatakutoa shuleni. Soma, ili siku mtu akikupa maneno ya kusema, uwe na akili ya kuyapima na ujasiri wa kuyakataa."

Nasambu aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kiti karibu na taa, akamwomba mwalimu amwonyeshe walipofika kwenye hesabu.