Kafara ya Sufu

Wageni walikuwa wanne, na mabakuli yaliyorudi jikoni yalikuwa matano.

Nélida aliyapanga kando ya karai akayatazama. Supu ya kinoa, nafaka ya milimani, alikuwa ameipakua mwenyewe, mabakuli manne ya bati, akayapeleka mwenyewe, tumbo la miezi saba likitangulia mlangoni. Hili la tano lilikuwa la udongo, la marehemu baba yao, lile linalokaa rafu ya juu na halishushwi. Lilikuwa limelambwa mpaka linang'aa.

"Dada, umeshusha bakuli la baba?"

"Nilishushie nini?" Yaneth hakuinua macho kwenye simu. "Mgeni wa wiki ijayo anauliza kama choo kina maji ya moto. Miaka mitano chuo kikuu, Nélida, ili nije nifanye mitihani ya choo."

Mdogo mtu akacheka, akaliosha bakuli, akalirudisha mahali pake. Hapo ndipo wangeshtuka. Hawakushtuka.

Yaneth Ticona alikuwa na digrii ya utalii, karatasi yenye mhuri wa dhahabu ambayo kule mjini Puno haikumpatia hata kazi ya kufungua geti la hoteli, na Lima, mji mkuu, ndiyo kabisa, maana Lima alipotaja jina la ukoo na kijiji alikotoka, swali lililofuata lilikuwa kama anajua kufua. Alituma maombi ya kazi mpaka akayachukia maneno "kwa heshima na taadhima". Alipotimiza miaka thelathini bila ajira alirudi Qalapampa, juu kabisa milimani, ambako hewa ni nyepesi na hata kupanda ngazi tatu ni shughuli, kwenye nyumba ya matofali ya udongo waliyoachiwa na baba. Akamwambia mdogo wake, ambaye mumewe yuko machimboni na harudi mpaka Krismasi: tutalaza wageni.

Kampuni moja ya safari mjini ikakubali kumletea watu, ila kwanza aandike programu. Akaiandika kama alivyofundishwa. Siku ya kwanza: kufika, chai ya majani ya koka, kulala, maana mtu wa bondeni akipandishwa huku na kukimbizwa siku hiyohiyo atatapika mpaka nyongo. Siku ya pili: minara ya makaburi ya wazee wa kale, kuitazama bila kugusa. Siku ya tatu: ziwa, wafumaji, kuagana. Meneja, kijana anayeitwa Renzo ambaye chuoni alikuwa akinakili majibu ya Yaneth, akamrudishia kwa meseji ya sauti.

"Yanethita, kazi nzuri, lakini siku ya kulala toa. Mtu havuki bahari aje kulala. Hapo weka ile ibada yenu ya kulisha ardhi. Kila Alhamisi, saa tisa, jua likiwa zuri kwa picha."

"Ile ni ya Agosti," Yaneth akamjibu. "Na anayeifanya ni yatiri, mganga mwenye idhini. Si mimi."

"Si ulimwona baba yako akifanya? Basi. Na kile kijusi cha lama usikitie, tafadhali. Mwaka jana mama mmoja alizirai. Tia kitu kizuri kizuri."

Yaneth alijua. Kila mtoto wa Qalapampa anajua kwamba ukiifungulia ardhi kinywa, uitilie ulichokiahidi: majani ya koka, mafuta, peremende, na juu yake kijusi kikavu cha lama, mnyama wa sufu wa huku, kile ambacho hakikuwahi kuzaliwa, kwa sababu hicho ndicho mwenye mlima anachokipenda. Alijua, lakini kujua hakukuwa kumemlisha hata siku moja. Akakaa kitako akasokota sufu nyeupe, akaipa miguu minne na shingo, akaishonea vifungo viwili vya shati viwe macho. Alhamisi saa tisa, nyuma ya nyumba, mbele ya watu wanne wenye kamera, akachimba shimo, akaita milima kwa majina yake yote, akamalizia kama baba yake alivyokuwa akimalizia: njooni mle, njooni mshibe, nyumba ya Ticona iko wazi. Akafukia sufu. Wageni wakapiga makofi.

Bakuli la tano lilirudi jikoni jioni ileile.

Wageni walipoondoka, mmoja aliwapa nyota zote tano kwenye mtandao na kuandika: *Dada wawili wakarimu. Yule mzee wa jikoni mchangamfu mno, hachoki kutabasamu.*

"Mzee gani?" Nélida akauliza.

"Hewa ya huku inawapanda kichwani. Nilimwambia Renzo wapewe siku ya kulala."

Alhamisi ya pili akafukia sufu nyingine. Kesho yake kitanda cha chumba cha mwisho, ambacho hakikuwa na mtu, kilikutwa kimebonyea katikati na kina joto. Alhamisi ya tatu akafukia ya tatu, na tangu hapo nyumba ikawa na harufu, hafifu asubuhi na nzito mchana, ya sufu iliyoungua ndani ya maziwa machachu. Walifua blanketi zote. Walipaka kuta chokaa. Harufu ilikaa palepale, imetulia kama mwenye nyumba.

Ilikuwa saa sita, jua limesimama wima uani, Nélida amechuchumaa mbele ya jiko akipuliza samadi kavu ishike moto, ndipo aliposikia midomo nyuma yake, midomo tu, ile sauti ya mtu anayejilamba kabla ya kula, na harufu ikamjia shingoni kama pumzi, naye akageuka polepole kwa sababu ya tumbo na kwa sababu hakutaka kugeuka, akamwona ameketi juu ya gunia la viazi, kizee kifupi chenye kitambi na kofia safi ya sherehe, kinatabasamu kwa adabu zote za mgeni aliyealikwa, miguu yake haifiki chini, na macho yake ni vifungo viwili vyeupe vya shati, kila kimoja na matundu manne, navyo havikumtazama usoni bali vilitazama tumbo, na kile kizee kikanyoosha kiganja bila kugusa, kama mtu anayeota moto, kikauliza kwa upole:

"Bado haijaiva?"

Nélida alitoka nje kinyumenyume mpaka kwenye zizi la kondoo, na huko ndiko dada yake alikomkuta ameshika ukuta, naye akamweleza alichokiona.

"Kimesema nini?" Yaneth alinong'ona.

"Kimeuliza kama imeiva."

"Supu?"

"Dada. Usijifanye mjinga, una digrii."

Tangu saa ile mtoto hakucheza tena tumboni. Nesi wa zahanati alitega sikio kwenye chombo chake, akasogeza, akatega tena. "Moyo unapiga," akasema, "lakini uko mbali. Kama mtu aliyejificha." Akamwandikia vidonge vya damu na mapumziko. Nélida alilala kitandani mikono yote miwili tumboni, na kila akisinzia alisikia ile midomo, upande wa pili wa ukuta, ikijilamba bila haraka.

Siku ya nne Yaneth alimfuata tata Eusebio, kama mzee wa heshima anavyoitwa huku, yatiri aliyefanya kazi na baba yao. Mzee alikuja na mzigo mgongoni, na ndani yake kijusi cha kweli, kikavu, kimejikunja. Akawasha moto nyuma ya nyumba mchana kweupe, akaweka kila kitu kwa mpangilio wake. Moshi haukupanda. Ulishuka, ukatambaa juu ya majani kama maji yaliyomwagika, ukaingia ndani kwa mlango wa jikoni. Majivu yalipopoa yalikuwa meusi tii, na kijusi kilikuwa katikati yake, hakikuungua hata unywele.

Tata Eusebio akaketi juu ya jiwe. "Ulisema nini kwenye shimo lako?"

"Maneno ya baba."

"Baba yako alisema maneno akaweka chakula. Wewe umemkaribisha mtu mezani ukampa mdoli. Mara ngapi?"

"Alhamisi tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Iko kwenye programu, tata."

Mzee aliyageuza majivu kwa kijiti. "Basi na yeye anayo programu yake. Ulimwahidi kisichozaliwa, akaja, akakitafuta, akakiona kilipo. Hiki cha lama hakitaki tena. Atangoja kiive."

"Mfukuze."

"Angeingia mwenyewe ningemfukuza. Huyu ameitwa, na kwa jina la ukoo wenu. Hataondoka mpaka aitwe nyumba nyingine." Alifunga mzigo wake taratibu, kama mtu anayejutia alichokwisha kusema. Akiwa langoni akageuka. "Na ikitokea akaitwa, mwanangu, isiwe nyumba yenye mimba. Unanisikia?"

"Nakusikia."

Ng'ambo ya ukuta wa mawe aliishi mama Reyna Chambi, mjane, pamoja na mwanawe na mkwewe Maruja. Tangu wageni waanze kuja, Reyna hakumwita Yaneth kwa jina. Alimwita msomi wa vyoo. Alipomwona analeta karatasi kwa mikono miwili, aliacha kuchambua viazi.

"Leo jua limechomozea wapi?"

"Mdogo wangu anaumwa, mama. Siwezi kupokea watu. Nimeongea na kampuni, wamekubali waje kwako. Programu hii hapa, na maneno yote ya ibada ya Alhamisi. Utabadilisha jina la nyumba tu, useme Chambi. Na mnyama wa sufu nimekutengenezea."

Reyna aliipokea karatasi akaigeuza mbele na nyuma, akitafuta mtego. "Mbona unanipa?"

"Nimpe nani? Wewe ndiye jirani."

Macho ya yule mama yakalegea. Ghafla alikuwa tu mwanamke aliyezeeka, anayesikia baridi, asiyejua kesho atakula nini. "Mungu akuone, mwanangu."

"Jambo moja, mama. Kuna mjamzito humu ndani?"

"Nina miaka hamsini na nane na mume wangu yuko makaburini. Akinitia mimba huyo, tuite padri."

"Na Maruja?"

"Maruja ameolewa Pasaka tu. Hana kitu."

Huku, mimba haitajwi kabla ya mwezi wa tatu. Isije ikasikiwa. Ukimuuliza mama mkwe yeyote Qalapampa, atakujibu hana kitu, awe nacho au asiwe nacho, na jibu hilo hupewa anayeuliza kama anavyopewa kiti. Yaneth amezaliwa hapa. Lile jibu lilitoka upesi mno, na yeye aliusikia upesi wake. Akasema asante akaenda zake.

Alhamisi saa nane na nusu, mama Reyna alikuja na jibini iliyofungwa kwa majani. Sketi zake zilikuwa mpya na uso unang'aa.

"Wageni wamefika, sita, wanameza chai kama ng'ombe. Nimekuletea hii." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Na nilikuficha, usininunie, unajua mila. Maruja ana miezi miwili. Mtoto kaja na riziki yake mkononi, na wewe ndiye uliyemfungulia mlango. Akiwa wa kike nitawaambia wamwite Yaneth."

Akamshika shavu, akarudi kwake akiharakisha.

Yaneth alibaki kizingitini na jibini mkononi. Toka hapo hadi ukuta wa mawe ni hatua arobaini. Saa tisa ilikuwa bado. Muda ulikuwapo, wa kwenda na kurudi, wa kueleza, hata wa kuchekwa na kueleza tena. Nyuma yake Nélida alikuwa amelala chali, siku ya kumi na moja bila mtoto kucheza. Alikuwa amesikia kila neno.

"Dada," Nélida akasema.

Yaneth alipiga hatua moja nje. Alipiga ya pili, na saa tisa ikamkuta hapohapo. Ng'ambo ya ukuta aliona kofia za wageni zikijipanga, na sauti ya Reyna ikaanza kuita milima, kwa kusitasita, kama mtoto anayesoma ubao, na Yaneth akasimama akiisikiliza jinsi anavyosimama mwalimu, midomo yake ikimtangulia Reyna kwa neno, mpaka mwisho, mpaka njooni mle, njooni mshibe, nyumba ya Chambi iko wazi, na hapohapo chumba cha mwisho kikafunguka ndani, nyayo fupi nyepesi zikapita jikoni, zikapita ubavuni mwa kitanda bila kusimama, harufu ya maziwa machachu ikampita Yaneth begani, na kitu kisichoonekana kikampisha kwa heshima, kama mgeni anayeaga wenyeji, majani ya uani yakalala moja baada ya jingine kuelekea ukutani.

"Amecheza," Nélida akasema kitandani. Alikuwa analia. "Dada, amecheza. Njoo ushike."

Ng'ambo ya pili Maruja alitoka jikoni na sinia la chai, akipita katikati ya wageni, akimcheka mama mkwe wake anavyotetemeka sauti. Alimwona Yaneth, akampungia mkono.

"Funga mlango," Nélida akasema. "Baridi inaingia."

Ilikuwa kweli, baridi ilikuwa inaingia. Yaneth alimpungia Maruja, akarudi ndani, akaufunga.