Sanduku Chini ya Meza

Kitu cha kwanza alichokiona msichana wa cherehani ya dirishani ni pini za stepla. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na duka la ushonaji lilijaa kina mama na sare za watoto. Katikati yao alisimama kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, lakini pindo la suruali yake limebanwa kwa pini za karatasi.

"Nani kakushonea hii, baba? Karani?" aliuliza Shangazi, mwenye duka.

Watu wakacheka, na kijana naye akacheka. Msichana yule wa dirishani, ambaye kwa aibu zake wote walimwita Kimya, aliinama akazing'oa pini zile moja moja, akalishona pindo upya.

Kijana alikuwa mwanafunzi wa kubadilishana, ametoka nchi ya mbali kusoma hapa mwaka mmoja. Wakamwita Mgeni. Tangu siku ile vifungo vyake vikawa vinakatika ovyo.

"Kimya, na hiki kimekatika."

"Hiki kimekatwa na mkasi."

"Mkasi ulikuwa unapita tu."

"Mkasi wako una safari nyingi."

Mgeni alikaa kwenye benchi karibu na pasi, akisimulia habari za mama yake, na za chumba alichopanga, ambamo hata akipiga chafya hakuna wa kumwambia pole. Kimya alishona na kusikiliza. Mgeni alipoondoka, duka lilionekana kubwa mno.

Mwaka ukafika ukingoni. Mgeni akaleta sanduku lililoharibika zipu.

"Nasafiri Jumamosi. Litakuwa tayari lini, mpenzi?"

Hakuwahi kumwita hivyo. Labda ulikuwa mzaha, labda siyo. Kimya hakuuliza.

"Njoo kesho," alisema.

Akaja. "Njoo kesho." Akaja tena. "Bado. Kesho."

Mafundi wote husema hivyo. Lakini Mgeni, akirudi mikono mitupu kwenye chumba chake kilichokwisha kufungashwa nusu, alianza kuwaza mengine. Ijumaa akapiga simu.

"Nimenunua begi sokoni. Usijisumbue tena. Kama umenichoka, si ungesema tu?"

"Mimi..."

"Wewe nini, Kimya?"

Simu ikakatwa.

Shangazi, aliyekuwa amesikia yote, alilivuta sanduku kutoka chini ya meza. Akaifungua zipu, akaifunga. Iliteleza kama sabuni.

"Hee! Hili limekwisha siku nyingi! Unalifuga, mwanangu? Unangoja litage?" Kisha akaona machozi, akashusha sauti. "Lipeleke mwenyewe. Nguo naweza kukushonea. La moyoni siwezi kukusemea."

Jumamosi asubuhi Kimya alivaa gauni lake la bluu, akajitwisha sanduku. Alimkuta Mgeni katika chumba kitupu, godoro limekunjwa, ukutani imebaki misumari. Begi jipya lilikuwa limeshachanika mshono. Teksi ilingoja nje.

Mgeni aliijaribu zipu. "Limekwisha lini?"

"Siku ile ile uliyolileta."

"Sasa mbona ulikuwa unanizungusha?"

"Mtu akishachukua kazi yake, harudi tena."

Mgeni alikaa kwenye chaga za kitanda, akamtazama. Halafu akatoa begini suruali ile ya kwanza, akaufumua mshono wa Kimya mpaka pindo likaanguka. Akachukua stepla dirishani, akalibana upya, ta, ta, ta. Akamwekea mikononi.

"Pole, fundi, nimekuharibia kazi. Hii naiacha kwako, na nitakuja kuichukua. Itakuwa tayari lini?"

Dereva akapiga honi. Jibu la mafundi lilikuwa tayari mdomoni mwa Kimya. Akalimeza. Akainua macho, na safari hii hakuyashusha.

"Nakupenda," alisema. "Nimekupenda tangu zile pini."