Usiguse Dari

Hoteli ikitaka kurudi ujana huvuliwa nguo hadharani. Jumamosi ile hoteli moja ya Waikiki ilikuwa imemwaga vyumba vyake vya zamani kwenye maegesho ya nyuma, vitanda, mapazia, viti vya henzerani, picha za machweo zilizopauka, na watu wa Honolulu wakaivamia kama siafu walioonjeshwa sukari. Wanawake walikalia makochi ambayo hawajayalipia ili wenzao wasiyachukue. Mzee mmoja alikuwa amejifunga zulia kiunoni, anatafuta la pili.

Wendell Higa hakuja kununua. Alikuwa akikata njia kurudi kwenye gari lake la kupelekea tofu, ile jibini ya soya, mahotelini, akaona taa ya mezani, kitako chake cha shaba kimefinyangwa kama nanasi, dola tano. Akaikamata shingoni. Taa ikagoma. Alipotazama chini, na ilimbidi atazame chini sana, akaona mkono mwingine umeshika nanasi.

"Achia," mwenye mkono akasema.

"Nimeiona mimi kwanza, bibie."

"Wewe umeiona leo. Mimi nimeifuta vumbi miaka tisa. Chumba nambari kumi na nne kumi na mbili, kushoto kwa kitanda. Ukiiwasha inakoroma kidogo kabla ya kushika. Ulilijua hilo?"

"Inakoroma? Basi inanifaa. Tutakoroma wote."

"Masikini mkeo."

"Sina mke."

"Ajabu," yule mwanamke akasema, akimpima toka ndala mpaka utosi. "Mtu mrefu kama nguzo ya umeme, na bado hakuna aliyekuona."

Alivaa gauni la rangi ya chungwa, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu, nywele kazibana kwa penseli. Marivic Agbayani, mtandika vitanda wa hoteli hiyo hiyo, miaka thelathini na saba na hana haraka na mtu. Wendell, wa arobaini na moja, aliiachia taa. Aliachia na kitu kingine papo hapo, ila hicho hakukitambua mpaka baadaye.

"Una gari?" Marivic akauliza.

"Nina gari la tofu."

"Linanuka?"

"Linanuka afya."

"Basi beba vile vibao viwili vya kitanda na yale mapazia. Twende."

Fleti yake ilikuwa Makiki, ghorofa ya saba, chumba kimoja katika jengo la zamani lenye korido ya wazi na madirisha ya luva za vioo. Aliinunua kwa miaka kumi na mitano ya kutandika vitanda vya watu wengine, na tangu apewe ufunguo alikuwa akiipamba mwenyewe, siku zake za mapumziko, kwa vitu ambavyo wenye navyo wamevichoka. Makabati ya jikoni aliyapaka kijani cha jani la mgomba. Droo za kabati lililotupwa kando ya barabara alizipigilia ukutani zikawa rafu. Na juu ya kitanda alitundika blanketi jekundu na jeupe ambalo mama yake alilifuma kwa mkono kwao Ilocos, ng'ambo ya bahari. Mama mwenyewe sasa amelala huko huko Ilocos, chini ya udongo.

Wendell alivua ndala mlangoni, akaingia, akageuka kuzitazama.

"Hukuzigeuza," akasema.

"Nini?"

"Ndala zangu. Bibi yangu alikuja toka Okinawa na vitu viwili, sufuria na adabu. Mgeni akivua viatu, bibi anamgeuzia vielekee nje, ili akiondoka aingize mguu aende zake bila taabu. Vya watu wa nyumbani hagusi."

Marivic akazitazama zile ndala, kubwa kama mitumbwi, pua zimeelekea ndani.

"Basi sizigusi," akasema. Halafu akaona haya, akaongeza, "Kwanza zinanuka tofu."

Na hakuzigusa. Kwa miezi minane ndala za Wendell zililala pale mlangoni zimeelekea ndani, na mwenyewe humo ndani akawa fundi. Vibao vya kitanda vilikatwa vikawa benchi la kukalia dirishani. Mapazia ya chumba kumi na nne kumi na mbili yalitumbukizwa kwenye ndoo ya rangi yakatoka na buluu ya usiku. Hata kikombe akapata, chenye pengo mdomoni, na ole wake mgeni atakayekinywea. Simu ndizo zilizokuwa msumari na gundi.

"Uko wapi, nguzo?"

"Pearl City, nashusha kreti. Na wewe, kibiriti?"

"Niko juu ya ngazi."

"Kipago cha pili au cha tatu?"

"Cha mwisho, mshenzi wewe, na bado sifiki kwenye fimbo ya pazia."

"Usiruke, mpenzi. Nakuja."

"Njoo na yale maandazi ya malasada. Za moto. Zikipoa baki nazo huko huko."

Kitu kimoja tu kilibaki kibaya: dari. Ilikuwa imerashiwa ile plasta ya chengachenga ya zamani, imejaa vipele kama bisi, imefifia rangi ya meno ya mvuta sigara.

"Hii nitakukwangulia," Wendell akasema usiku mmoja, kalala chali, kidole juu. "Kazi ya siku moja."

"Usiguse dari."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Kila kitu humu gusa, hata mimi. Dari hapana."

Mtu mwenye masikio angelisikia lile hapana. Wendell alisikia "hata mimi." Lililobaki akalipigia hesabu peke yake: Marivic ni mfupi, dari haifikii, na kwa kiburi chake hataki jambo la nyumba hii limshinde kisha limtoe jasho mwanamume. Akatabasamu gizani kama mtu aliyesoma barua ya mwenzie. Mapenzi yana wajinga wake, lakini mjinga mwenye ngazi ni balaa.

Ilipofika siku ya kuzaliwa ya Marivic, Wendell aliomba ruhusa kazini. Alitazama video mbili, zote za watu wenye nyumba mpya. Akaona heri akwangue pakavu, maana maji yangeharibu sakafu. Akafungua luva zote, akawasha feni, akapanda. Kufikia saa nane mchana dari nzima ilikuwa chini, imegeuka vumbi jeupe, imetandaa juu ya kitanda, juu ya benchi, juu ya mapazia ya buluu, imeingia kwenye kila uzi wa blanketi. Akapiga simu.

"Ukitoka kwenye lifti, fumba macho."

"Wendell. Umefanya nini?"

"Zawadi yako."

"Zawadi gani? Mbona unakohoa?"

"Vumbi kidogo tu, mpenzi. Dari yako sasa laini kama shavu lako."

Kwenye simu alisikia magurudumu ya toroli la mashuka yakisimama.

"Toka humo ndani," Marivic akasema, taratibu mno. "Zima feni, funga dirisha, toka. Usifagie. Umenisikia? Usifagie chochote."

Wendell akacheka. Huyu naye, hata siku yake ya kuzaliwa hachoki utani.

Akafagia.

Aliyempata kwanza ni Shangazi Puanani, msimamizi wa jengo, taulo bichi puani, kengele ya moto inalia nyuma yake. "Wee mjinga mrefu!" alifoka akimvuta mkono. "Dari za jengo hili zina asbesto! Ikitulia haina neno na mtu. Ukiikwangua, vumbi lake linaingia mapafuni linakaa humo kama mpangaji asiyehama. Kila mwenye fleti ametia saini kwamba hataigusa. Marivic ametia saini mbele yangu! Na wewe umewasha feni!"

Siku mbili baadaye walisimama kwenye maegesho, Wendell huku na Marivic kule, wakitazama watu waliovaa nguo nyeupe mpaka usoni wakishusha mifuko. Vigumu vilipona: taa, sahani, kikombe chenye pengo. Kila kilicho na uzi, sponji au kitambaa kilitolewa kimefungwa ndani ya plastiki. Kitanda. Mapazia. Mito ya benchi. Mfuko mmoja ulikuwa na wekundu.

"Lile linafulika," Wendell akamwambia mbebaji. "Ni pamba tu, kaka."

"Halifuliki. Hakuna mashine itakayolipokea, na mimi sikushauri ulinuse."

Mfuko ukafungwa kwa utepe, ukatiwa ndani ya mfuko mwingine, ukabandikwa karatasi ya hatari, ukatupwa juu ya wenzake. Marivic hakulia. Wendell angelipa chochote alie.

"Hukuniambia sababu," akasema.

"Nilikuambia usiguse."

"Ungesema ni asbesto..."

"Nisingejua kwamba kwako neno langu peke yake halitoshi. Sasa najua." Alikuwa bado na sare ya kazi, kitambulisho kimekaa upande. "Watalii wameniibia, wamenitapikia mazulia, mmoja alinirushia kiatu. Miaka kumi na mitano. Hakuna aliyenifanyia hivi, Wendell. Na hao nilikuwa siwapendi."

Akaenda kulala kwenye kochi la binamu yake huko Waipahu. Wendell alipiga simu mpaka simu yenyewe ikamwonea huruma. Alituma maua, yakarudi. Alituma tofu, haikurudi. Binamu aliikaanga na vitunguu akamtumia picha ya sahani tupu. Wiki ya saba, Wendell yuko kwenye foleni ya Kalihi, simu ikaita yenyewe.

"Dari yangu ina makovu," Marivic akasema, bila salamu. "Wamesafisha, wamepima, wameondoka. Kuipiga plasta si kazi yao, na fundi simwezi."

"Nakuja! Kesho. Hata sasa hivi, nageuza gari..."

"Jumapili. Kazi uliyoianza utaimaliza."

"Marivic, mpenzi, mimi..."

"Njoo na ngazi yako."

Ngazi! Kwa furaha Wendell alisahau kreti kumi kwenye kituo cha mwisho. Mwanamke haiti ngazi ya mtu asiyemtaka. Jioni hiyo akaingia duka la vito, akatoka na kijisanduku kidogo mfukoni.

Alifanya kazi Jumapili tatu. Chumba kilikuwa kitupu, ukipiga chafya kinakujibu. Marivic aliketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, shingo nyuma, anasimamia.

"Hapo kuna kovu."

"Wapi?"

"Kushoto. Kushoto kwa watu wengine, Wendell."

Akacheka nusura aanguke. Ananitania! Mwanamke anayekutania, alijiambia, hajakutupa. Waliowahi kutupwa wangemwambia kwamba utani ndio hufunga mlango, maana hutoka wa mwisho. Alipopata kiu aliletewa maji kwenye kikombe cha karatasi. Kile chenye pengo kilikuwa rafuni, kimeoshwa, kinamtazama. Wendell alikunywa akashukuru.

Jumapili ya tatu, jua likielekea kuzama, alipitisha rola mara ya mwisho. Shangazi Puanani aliingia kukagua, mikono kiunoni, akazunguka chumba kizima uso juu.

"Haya," akasema kwa shida. "Jengo zima halina dari kama hii. Imekuwa kama maziwa."

"Umesikia?" Wendell akamwambia Marivic.

"Mimi husikia," Marivic akajibu. Akamsindikiza Shangazi mpaka nje, akainama kidogo pale mlangoni, akarudi akifuta mikono kwenye gauni. Lilikuwa lile la rangi ya chungwa. Wendell aliliona, mkono ukaenda mfukoni.

Akateremka hadi kipago cha chini, akapiga goti hapo hapo kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza macho yao yakawa sawa. Akatoa kijisanduku.

"Sina maneno, kibiriti. Nilikuvunjia nyumba. Niruhusu nikae humu niijenge nawe, kitu kimoja kimoja, kama mwanzo. Nioe mimi, kama mimi kukuoa ni mzaha."

Marivic aliitazama pete. Kisha akanyanyua mkono, na kwa kidole gumba akamfuta tone la rangi lililokuwa juu ya nyusi. Kidole kikachelewa pale. Wendell alifumba macho.

"Umemaliza?" akaulizwa.

"Nimemaliza."

"Hakuna kovu popote?"

"Hakuna hata moja."

"Ni dari nzuri," Marivic akasema. "Nitalala nikiitazama. Ahsante."

"Na jibu langu?"

"Nimekujibu kabla hujauliza. Hukusikia, kama kawaida yako. Beba ngazi, itanikwaruzia mlango."

Akabeba ngazi, akili inakimbia huku na huko kutafuta hilo jibu. Ni kile kidole? Ni lile gauni? Bila shaka ni gauni. Akatoka kwenye korido akitabasamu, akatafuta ndala kwa mguu, kama alivyozoea, pale zilipokuwa zikilala siku zote. Mguu ukakuta visigino mahali pa pua.

Akatazama chini.

Zilikuwa zimepangwa pamoja, sawasawa, hazipishani hata unyoya. Pua zimeelekea lifti.

Nyuma yake komeo likateremka polepole, bila kelele, kama linavyofungwa na mtu mwenye adabu. Ndani kitu kikakoroma kidogo, kikashika, na mwanga wa taa ukapanda kwenye dari, ukatandaa juu yake mweupe, laini, hauna pa kujikwaa. Wendell aliuona kupitia luva. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kuzifanya.

Akaingiza miguu. Iliingia bila taabu, kama bibi alivyokusudia.