Chanjo ya Kuzuia Nini?

Mama alikuwa dukani kwake akishona sketi za shule. Binti yake, Kifungo, alikuwa akikata nyuzi. Jina hilo alilipata utotoni, alipomeza kifungo cha koti la mteja.

"Mama, kesho tunachanjwa shuleni, wasichana wote."

Cherehani ikanyamaza. "Wewe huchanjwi."

"Kwa nini?"

"Shangazi yako ametuma ujumbe. Ni chanjo ya kuzuia kizazi. Mimi nataka wajukuu!"

"Wajukuu saa hizi?"

"Nani kasema saa hizi? Hebu kata nyuzi!"

Jirani yao muuguzi akaingia, sare mkononi. "Fundi, nipanulie kiunoni. Imerudi ilipofuliwa."

"Imerudi sare, au umezidi mwenyewe?"

Muuguzi akacheka. Kisha akamwona Kifungo. "Mbona huyu kavimba mashavu?"

Mama akamweleza. Akafungua simu, sauti ya wifi yake ikasikika: "Msikubali! Ni chanjo ya kuzuia kizazi!"

"Wifi yako kakata kitambaa katikati," muuguzi akasema. "Jina zima ni chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi. Kinachozuiwa ni saratani. Kizazi kinalindwa."

Mama akarudia polepole. "Saratani. Ya shingo."

"Shingo ndiyo mlango wa kizazi. Kuna kirusi huambukizwa kwa kujamiiana. Kikikaa mwilini miaka mingi, huweza kuleta saratani pale mlangoni. Hiyo ndiyo huharibu kizazi, na huua. Ndiyo maana tunawachanja mapema, kabla hawajakutana nacho."

"Na haina madhara yoyote?"

"Sikudanganyi. Mkono huuma. Homa ndogo huweza kuja. Wengine huona kizunguzungu, kwa hiyo tunawakalisha kidogo. Mzio mkali ni nadra sana, na dawa yake tunakuwa nayo pale pale. Lakini ugumba? Wataalamu wamechunguza katika nchi nyingi. Hawakuona chanjo hii ikiuleta."

"Sindano inauma?" Kifungo akauliza.

"Mtu aliyemeza kifungo anaogopa sindano?"

Mama akacheka. Akachukua simu. "Wifi, ule ujumbe uliukata. Urushe tena, mzima."

Kesho yake jioni Kifungo alirudi ameshika mkono. "Nimechanjwa. Mkono unauma, siwezi kukata nyuzi."

"Unaouma ni wa kushoto. Mkasi unaushika kwa wa kulia."

Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya shangazi: "Haya wifi, nilikosea. Nimewatumia wote jina zima. Na wangu anachanjwa Jumatatu."

Asubuhi ya Jumamosi, muuguzi alipita kuchukua sare yake.

"Na sisi wakubwa?" Mama akamwuliza. "Tumeshachelewa?"

"Kupimwa hujachelewa. Hata hawa waliochanjwa watapimwa wakikua. Mabadiliko yakionekana mapema pale mlangoni, hutibiwa kabla hayajawa saratani."

Mama akafunika cherehani. Akamtupia Kifungo ufunguo wa duka.

"Mteja akija, mwambie fundi kaenda kupimwa," akasema. "Na umwambie jina zima."